Kichwa cha Ubao: Randa za Mti za Bunia

Mteja akija kuchukua mlango wake hutazama uso: rangi, vanishi, kitasa. Seremala mwenzangu akija huinama. Hutafuta kichwa cha ubao, pale nyuzi za mti zilipokatwa, akapitisha kidole gumba, na kabla hajatamka neno amekwisha kujua aliyetengeneza mlango ule alifundwa au hakufundwa. Uso wa ubao husitiriwa na msasa na vanishi. Kichwa hakina sitara. Kikikosa kunyooka hata kwa unene wa ukucha, pembe ya fremu huachama, dawati huyumba, na mvua ya Ituri hupata njia ya kuingia ndani ya kiungo na kukiozesha.

Hapa Bunia kazi ya kunyoosha vichwa vya mbao imefanywa kwa miaka mingi kwa chombo kisichouzwa dukani: randa fupi na nzito ya mti mtupu, yenye kisu kilichofuliwa kwa resori, yaani springi, ya gari. Wengi wetu tunaiita rabo tu, kama tunavyoziita randa zote. Mimi nilianza kuishika katikati ya miaka ya 1970, nilipoingia karakana ya baba yangu, mtaa wa Mudzipela, na hadi leo iko juu ya benchi langu. Vijana wanaopita wakiiona husema ni chombo cha mtu aliyekosa pesa za kununua randa ya chuma. Nataka kuwaeleza ilivyokuja, maana kila sehemu yake ina sababu, na kila sababu ina mwaka wake.

Kabla ya randa palikuwa na tezo. Mababu zetu hawakuhitaji ubao ulionyooka. Kinu, kigoda, ngoma na mtumbwi wa Ziwa Albert vyote vilichongwa ndani ya gogo zima, na kwa kazi hiyo shoka, tezo na kisu vilitosha. Chuma cha vyombo hivyo hakikutoka mbali. Upande wa Mahagi na Aru waliishi Waokebo, mafundi wa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki, ambao majirani zao Waalur waliwategemea na kukaa pamoja nao. Ninawataja mapema kwa sababu tutarudi kwao. Siku maduka yalipokauka, tuliipeleka kazi mikononi mwa wajukuu wao.

Kiswahili tunachokitumia karakanani kilikuja na misafara ya pembe. Katika miaka ya 1880 wawindaji wa tembo waliotoka upande wa Zanzibar, akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa, walikuwa na makambi ndani ya msitu wa Ituri, na Henry Morton Stanley alipoukata msitu huo mwaka 1887 hadi kufika ziwani mwezi wa Desemba, wapagazi wake wengi walikuwa Wazanzibari. Hao ndio waliotuletea lugha tunayosemea msumeno, patasi, tupa na randa. Lakini msafara wa pembe haukuja kufunga milango. Watu waliokuja kujenga kwa mbao walikuja baadaye, na walichokifuata ni dhahabu.

Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliikuta dhahabu katika mito ya Kilo, kaskazini ya Bunia ya leo. Uchimbaji ulianza mwaka 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni kubwa ya Kilo-Moto. Mgodi hula mbao usiku na mchana. Mashimo yanataka nguzo za kuzuia udongo, dhahabu inataka mifereji ya mbao ya kuioshea, mito inataka madaraja, wakubwa wanataka nyumba, meza na vitanda. Magogo yalipasuliwa juu ya shimo: mtu mmoja juu ya gogo, mwenzake chini ndani ya shimo, msumeno mrefu ukipanda na kushuka kati yao, na unga wa mbao ukimwagikia yule wa chini machoni. Ndivyo ubao ulivyozaliwa kwetu, na kwa jasho hilo. Ubao ukishapatikana, lazima randa iufuate.

Randa hizo zilipita njia ambayo wazee waliijua kwa majina ya vituo vyake. Meli iliishia Mombasa. Kutoka hapo mzigo ulipanda reli hadi Uganda, ukashuka hadi bandari ya Butiaba, ukavuka Ziwa Albert kwa meli, ukapakuliwa Kasenyi, kisha ukapandishwa mlima kuja Bunia, Irumu na migodini. Reli ya Vicicongo, iliyojengwa kutoka upande wa mto Kongo, ilifika Mungbere mwaka 1937 na ikaishia huko, sisi haikutufikia. Kwa hiyo kila kisu cha randa kilichokuja huku kilikuwa kimevuka bahari na ziwa, na bei yake ilihesabu maji yote hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Ziwa Albert yalipanda yakaifunika bandari ya Butiaba, na mlango huo ukafungwa.

Misheni nazo zilihitaji maseremala. Mapadri Weupe walijenga vituo vyao katika vikarieti ya Ziwa Albert, iliyokuja kuwa dayosisi ya Bunia mwaka 1959. Waprotestanti wa Africa Inland Mission walikuwa Kasengu tangu mwaka 1912, na wengine wakafungua Nyankunde. Kila kituo kilitaka viti vya kanisa, madawati, madirisha, vitanda vya hospitali. Ndiyo sababu ukimuuliza seremala yeyote mzee wa Ituri ni nani aliyemfundisha, na huyo alifundishwa na nani, baada ya majina mawili au matatu utafika kwenye karakana ya misheni au ya mgodi.

Baba yangu alifundishwa katika karakana moja ya misheni miaka ya mwisho ya ukoloni. Alitusimulia kwamba vyombo vyote vilitundikwa ukutani, na nyuma ya kila kimoja palichorwa umbo lake kwa rangi nyeusi, ili kikikosekana jioni pengo lionekane toka mlangoni. Vilihesabiwa kabla watu hawajaruhusiwa kutoka. Fundi aliyeweza kutengeneza kabati la sakristia kwa mikono yake alirudi nyumbani bila hata patasi moja ya kumrekebishia mkewe kigoda. Ujuzi ulikuwa wake, vyombo havikuwa vyake. Jambo hilo lilimuuma kuliko mshahara mdogo, na nadhani ndilo lililomfanya apende kutengeneza vyombo maisha yake yote.

Mwaka 1960, Wabelgiji wengi walipokuwa wakiondoka kwa haraka, alinunua kwa mmoja wao randa kuukuu ya mti. Gogo lake lilikuwa la mti wa Ulaya wenye rangi ya waridi hafifu, na kisu chake kilikuwa na chapa ya simba na maandishi ya Peugeot Frères. Watu hushangaa nikiwaambia. Familia ya Peugeot ilifua misumeno na visu vya randa miongo mingi kabla ya kutengeneza magari, na simba wao, aliyesajiliwa mwaka 1858, alianza kama alama ya misumeno. Kisu kilikuwa chuma kizuri ajabu. Gogo halikuzoea hewa yetu. Bunia iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Desemba na Februari upepo hukausha kila kitu. Kiangazi hicho hicho shavu la randa lilipasuka, karibu na mdomo.

Hapo ndipo randa ya Bunia ilipoanzia katika nyumba yetu. Baba alikitoa kisu, akalitupa gogo la Ulaya, akachonga jingine la libuyu, huyo mahogani wetu anayetoka upande wa Mambasa na Komanda. Na kwa kuwa sasa alikuwa anajichongea mwenyewe, aliitengeneza randa aliyoihitaji zaidi, ile ambayo ukutani kwa misheni ilikuwa ya chuma na bei yake haikukaribika: randa ya vichwa vya mbao.

Anayetaka kuelewa kwa nini kazi hii inadai randa yake ya pekee na autazame ubao kwa karibu. Kichwa cha ubao ni kama ncha za fito zilizofungwa fungu moja. Randa ya kawaida inayopita usoni hulala pamoja na fito na kutoa maranda marefu yanayojikunja. Ukiielekeza kichwani inakutana na ncha, na kisu kilichosimama sana huzisukuma na kuzivunja, nacho kichwa hubaki na vishimo. Kisu cha vichwa lazima kilazwe zaidi. Kwenye randa ya kawaida mteremko wa kuegemea kisu hupanda sentimita 4 kwa kila sentimita 4 za kwenda nyuma, yaani digrii 45. Baba alikipima cha vichwa kwa kupanda 4 na kwenda nyuma 5, ambayo ni kama digrii 39. Alikichukua kipimo hicho kwa mwalimu wake wa misheni, akakihifadhi kwa kuchora mistari miwili kwenye kipande cha bati, bila kutaja digrii hata siku moja. Bati hilo ninalo.

Mtu atauliza kwa nini kisilazwe zaidi ya hapo. Ni kwa sababu ya mti wenyewe. Kadiri unavyolaza mteremko, ndivyo mbao iliyo nyuma ya mdomo inavyozidi kuwa nyembamba, hadi inabaki ukingo mkali unaovunjika kwa pigo la kwanza la kabari. Waingereza walioutaka mlazo wa chini sana walilazimika kuacha mti wakatengeneza mwili wa randa kwa chuma. Anayebaki na mti anatafuta mahali ambapo kisu kimelala vya kutosha na mti bado una nguvu, na mahali hapo hapana upana mkubwa. Joseph Moxon wa London, aliyeandika juu ya useremala mwishoni mwa miaka ya 1670, ameeleza randa fupi ya mti ya kufungia viungo vifupi na pembe zilizokatwa kwa mshazari, na maseremala wa Ulaya walizitumia kwa vizazi vingi. Randa zenyewe ni za zamani zaidi: zimefukuliwa hata Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Baba hakusoma habari hizo, nami nimezijua uzeeni. Zinanifurahisha kwa sababu zinaonyesha kwamba mti na chuma vina sheria zao, na seremala anayezitii, awe London au Mudzipela, atafika karibu na mahali pale pale.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika Bunia. Baba alikimbilia Arua, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, pamoja na mama na sisi watoto. Alikifunga kisu cha Peugeot ndani ya kitambaa akakivaa kiunoni, gogo aliliacha. Huko Arua alipata kipande cha mkaratusi kilichokauka vizuri, akachonga gogo jipya kwa kufuata mistari ya bati lake, na kwa randa hiyo akapata kazi kwa fundi mwenyeji. Mkaratusi ni mti mgumu lakini hupenda kujipinda, kwa hiyo kila mara ilibidi aunyooshe tena upande wa chini. Tuliporudi alichonga jingine la mvule. Nikiwa mtoto niliamini kila randa huvuliwa mwili wake na kuvikwa mwingine, kwa kuwa sikuwahi kuona nyingine.

Kisha likaja pigo lisilokuwa na bunduki. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairi. Bunia palikuwa na maduka ya Wagiriki na wageni wengine ambako seremala aliweza kuagiza kisu, tupa, skrubu na gundi. Mengi yalikabidhiwa watu wasiojua kuagiza mali, na waliouza akiba iliyokuwemo bila kurudisha nyingine. Baada ya muda rafu zilibaki tupu. Kisu cha Peugeot, kilichonolewa tangu siku za Wabelgiji, kilikuwa kimekwisha mpaka kabari haikupata tena mahali pa kukibana. Simba wa chapa alikuwa karibu kufika kwenye makali.

Ndipo baba akaenda kwa mhunzi. Alikuwa mzee wa ukoo wa Waokebo aliyehamia mjini, na uani kwake palikuwa na rundo la resori za Land Rover zilizovunjika kwenye barabara zetu. Resori ni chuma kizuri kwa kisu: ina kaboni ya kutosha kukubali ugumu, na imezoea kupinda bila kuvunjika. Niliitazama kazi hiyo nikiwa mwanafunzi wa baba, na nimeirudia mara nyingi tangu hapo. Jani la resori huwekwa ndani ya makaa, mvukuto ukapulizwa, likiiva hunyooshwa kwa nyundo juu ya fuawe na kuachwa lipoe polepole ndani ya majivu hadi kesho yake, ili liwe laini kwa tupa. Hukatwa kwa upana wa sentimita 5. Unene wake haupunguzwi sana, kwa kuwa kisu kinene hakitetemeki kinapokutana na ncha za nyuzi.

Kipimo cha ugumu ndicho siri yenyewe, na mzee yule hakuificha. Kisu kikiwa kimepigwa tupa na kupata umbo, hurudishwa motoni hadi kiwe chekundu, kikajaribiwa kwa sumaku. Yeye alitumia sumaku ya spika ya redio mbovu. Sumaku ikiacha kukivuta, moto umefika. Hapo hapo huzamishwa wima ndani ya mafuta ya injini yaliyokwisha tumika, kikatikiswa polepole. Kikitoka ni kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake, lakini kikianguka kitavunjika. Husuguliwa mpaka king'ae, kikapashwa tena moto taratibu kutoka nyuma, na fundi hutazama rangi zikitembea kuelekea kwenye makali. Rangi ya manjano hafifu inapofika kwenye makali, huondolewa. Ikifikia buluu, makali yamelainika na kazi huanza upya. Ni rangi ya nukta chache za saa, na katika muda huo karakana nzima hunyamaza.

Gogo nalo lina masharti. Mti uwe umekauka, na wakati wa kuukausha vichwa vyake vipakwe nta au udongo ili visipasuke. Nyuzi ziende moja kwa moja toka mbele hadi nyuma. Upande uliokuwa karibu na ganda uelekee chini, na upande wa kiini uelekee juu. Urefu wake uwe sentimita 32 hivi, upana na kimo sentimita 7, maana uzito ndio unaobeba kisu ndani ya kichwa cha ubao. Randa nyepesi hurudi nyuma. Mdomo hutobolewa theluthi moja kutoka mbele, kwa keekee kwanza, kisha kwa patasi kutoka juu na kutoka chini hadi njia mbili zikutane katikati. Mteremko hunyooshwa mpaka kisu kikae juu yake bila kutikisika hata kidogo. Mdomo uwe mwembamba, upitishe tu maranda. Kabari huchongwa mwisho, na huondolewa unywele kwa unywele hadi ibane pande zote mbili kwa nguvu sawa.

Na kuna jambo moja ambalo randa ya kawaida hailidai. Hii hulazwa ubavu. Tunatengeneza kibao cha mbao mbili, moja juu ya nyingine, na kizuizi kimoja kilichokaa mraba. Ubao wa kazi huegemezwa kwenye kizuizi, na randa hupita pembeni ikiwa imelala. Kwa hiyo ubavu wa randa lazima uwe mraba kamili na upande wake wa chini. Ekeri, chombo cha kupimia mraba, ikionyesha mwanga kati yake na mti, kila kichwa kitakachopita hapo kitatoka kimeinama, na mlango mzima utaurithi upungufu huo.

Siku hizi ninafundisha vijana kadhaa, wengine wao wamekimbia vijiji vya Djugu na kukaa katika kambi ya Kigonze. Mmoja wao, msichana mwenye mkono mwepesi, alikuwa akinyoosha kichwa cha libuyu, mti wenye nyuzi zilizosokotana, akaacha na kuniita.

“Papa, ubao iko nakatala.”

“Haiko ubao, mutoto yangu. Noa kisu kwanza. Kisha lowesha kichwa na maji kidogo.”

Alinoa juu ya jiwe, akapitisha kitambaa chenye maji kichwani ili nyuzi zilainike, akaweka kipande cha mbao chakavu mwishoni ili ukingo usivunjike randa inapotoka. Randa ilipopita ilitoa sauti moja ndefu, na kwenye mdomo wake yakatoka maranda mazima ya kichwa, membamba, yenye vitundu vya mti vikionekana dhidi ya mwanga. Aliupitishia kidole ubao wake, akautazama tena, akaanza wa pili bila kuniuliza neno.

Kabla ya kufikia siku hizi tulipitia vita. Vita vya Ituri, vilivyoanza mwaka 1999, vilifika kileleni mjini kwetu Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, nayo makundi yenye silaha yakapigania mitaa. Wiki zile kazi yetu ilikuwa majeneza. Watu walikuja wakiwa na mbao za kitanda, za kabati, za dari, chochote kilichobaki. Tungeweza kupigilia misumari na kutoa. Baba, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua, alikaa karibu na benchi akawa anapitisha kidole kwenye kila kichwa cha ubao. Hakuruhusu mtu azikwe ndani ya sanduku lenye pembe zinazoachama. Alisema marehemu hakupewa heshima na waliomuua, basi ataipata kwetu. Majeneza mengi yalikuwa mafupi mno.

Baadaye nasi tukatoka, pamoja na maelfu ya watu waliotembea kwa miguu kwenda Beni. Nilifanya kama baba alivyofanya mwaka 1964: kisu cha resori ndani ya kitambaa, kitambaa kiunoni, na bati la mistari miwili ndani ya Biblia. Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio 1484 tarehe 30 Mei, na kikosi kilichoongozwa na Ufaransa kikaja kuulinda mji. Nilipoirudia karakana, misumeno, jiliwa na randa mbili za chuma zilikuwa zimechukuliwa, na magogo ya randa za mti yalikuwa yamepikiwa chakula. Lakini niliingia nikiwa na randa mkononi, kwa kuwa huko Beni seremala mmoja alinipa kipande cha libuyu nami nikachonga gogo. Siku hiyo hiyo nilianza kutengeneza mlango wangu mwenyewe. Gogo hilo ndilo ninalotumia hadi leo. Mdomo wake ulipopanuka kwa kulika, niliutia kiraka cha mbau, ule mti mgumu unaotawala sehemu kubwa ya msitu wa Ituri, na ukawa imara kuliko mwanzo.

Mji umebadilika. Ziko mashine za kupiga randa zinazoendeshwa kwa jenereta, na mbao hutoka humo laini pande zote nne. Sizipingi; zimewapunguzia vijana mateso ya mgongo. Lakini mashine hizo hupiga uso na ubavu. Kichwa hakipitishwi humo, kwa sababu visu vinavyozunguka hukirarua na kurusha ubao. Kwa hiyo baada ya jenereta kuzimwa, pembe ya fremu bado inamsubiri mtu mwenye randa ya mkono. Randa za chuma za bei nafuu zinapatikana sokoni, na nyingi visu vyake hupoteza makali kabla ya kumaliza dirisha moja la libuyu. Tangu utawala wa kijeshi ulipowekwa Ituri mwezi wa Mei 2021 barabara zimeendelea kufungwa na kufunguliwa, na bei ya kila kinachotoka nje hupanda na kushuka pamoja nazo.

Mashirika mengi yamewapa vijana, hasa waliotoka kwenye makundi yenye silaha, mafunzo mafupi ya useremala na sanduku la vyombo. Ni jambo jema, na nimewaona waliojengeka kwa msaada huo. Nimewaona pia wale ambao kisu kilipokwisha, au sanduku lilipoibwa kambini, useremala wao uliishia hapo. Walifundishwa kutumia vyombo, na hakuna aliyewaonyesha vinatoka wapi. Baba angelitambua tatizo hilo mara moja. Ni ule ukuta wa misheni wenye maumbo meusi, isipokuwa mara hii mwanafunzi anaruhusiwa kwenda na vyombo nyumbani mpaka vitakapokwisha.

Ombi langu kwa wanaoendesha vituo vya ufundi hapa Bunia ni kwamba kazi ya kwanza ya mwanafunzi iwe randa yake ya vichwa. Haina gharama kubwa: kipande cha mbao kinachotupwa, jani la resori, makaa, na saa chache za mhunzi, ambaye naye anahitaji mwanafunzi. Katika kuitengeneza atajifunza kuchagua mti, kusoma nyuzi, kupima mraba, kutoboa, kunoa na kufunga kabari, yaani nusu ya kazi yote ya maisha yake. Akimaliza hapo ndipo apewe msumeno na mbao za kigoda. Historia yetu inaonyesha kwamba barabara itafungwa tena siku moja na rafu zitakuwa tupu tena. Aliyechonga randa yake mara moja ataweza kuichonga popote atakapofika, na kesho yake asubuhi atakuwa kazini.